Ukuta Uliopiga Hodi

Ilikuwa mwaka 2088, majira ya kipupwe, masika yakiwa yamekwisha bila kunyesha ipasavyo. Katika mji mdogo wa Mkunguni, kila alasiri kigari kisicho na dereva kilipita Mtaa wa Gati kikiburuta nyuma yake mpira mnene mweusi, kikasimama mbele ya kila mlango uliosalia. Kilisimama kwa adabu, mbali kidogo na kizingiti, kama asimamavyo mtu aliyelelewa. Kisha kilisema kwa sauti ya mzee mpole, "Hodi."

Hakuna aliyejibu.

Kilingoja muda wa mwanamke kujitanda na kufika mlangoni, kikasema tena. Kikangoja, kikasema mara ya tatu. Kisha kikauendea mlango uliofuata. Nyuma ya milango ile watu walikuwa wameketi kama wezi ndani ya nyumba zao wenyewe, mama wakiwaziba watoto vinywa kwa viganja, wazee wakiuma ncha za kanzu ili lile neno lisiwatoke.

Watu walikiita Mgeni. Kilikuwa na jina refu la kiserikali, lakini jina lile halikutamkika mbele ya chakula, na mtu apigaye hodi kila siku huitwa mgeni hata kama hapendwi.

Mgeni aliletwa na Mradi wa Kuboresha Ufuo. Bahari ilikuwa imepanda mpaka ikaingia sokoni, na serikali ikaahidi gati jipya, barabara ya pwani yenye taa, mifereji ya maji machafu, na ukuta wa kuzuia maji. Saruji haikupatikana tena, kwa kuwa viwanda vyake vilikuwa vimefungwa duniani kote kwa sababu ya moshi wake. Kwa hiyo ukuta haukujengwa, bali ulioteshwa. Maabara za mji mkuu zilikuwa zimezalisha ute hai ambao hula chokaa na kuitapika upya ikiwa jiwe, gumu kuliko lile la kwanza, na ute huo uliongozwa na akili unde iliyokaa ndani ya kile kigari. Lakini bahari ya zama hizo ilikuwa imegeuka kali. Ilikuwa imekwisha kula makombe na matumbawe yake yenyewe, wala haikuwa na chokaa ya kumpa mtu. Chokaa iliyosalia ilikuwa mahali pamoja tu: ndani ya kuta nene za nyumba za kale.

Sheria ilisema nyumba isiguswe bila idhini ya mkazi wake, itamkwayo kwa sauti yake mwenyewe. Basi wasanifu waliitisha mkutano, wakauliza mtu wa Mkunguni huombaje ruhusa ya kuingia kwa mwenziwe. Watu walijibu kwa fahari kwamba hupiga hodi, na mwenye nyumba akiridhia husema karibu. Wasanifu wakaliandika hilo ndani ya akili ya Mgeni, na mkutano mzima ukapiga makofi, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kitu cha serikali kuja Mkunguni na adabu.

Katika mkutano ule hakuna aliyekumbuka kwamba karibu si jibu la hiari. Ulimi wa mtu wa Mkunguni huitoa kabla moyo haujaulizwa. Mzee Shali aliitamka akiwa bafuni, na sabuni usoni. Bi Mwanate aliitamka akikanda unga, bila kugeuza kichwa, akidhani ni jirani amekuja kuazima mwiko. Kesho yake asubuhi mpira ulikuwa umekwisha kuuma kuta zao. Waliposhtaki, hakimu alisikilizishwa sauti zao mbele ya watu wote. Akasema masikitiko yake ni makubwa, lakini neno lilitamkwa.

Nusu ya mtaa ilikwenda hivyo. Nusu iliyosalia ilijifunza kunyamaza, na kunyamaza kule kukawa na madhara yake. Mzee Shali alipofariki katika nyumba ya mwanawe, waliokuja kutoa rambirambi walipiga hodi, na wafiwa wakakaa kimya ndani, wasijue kama waliokuja ni watu au ni Mgeni. Wenye rambirambi wakarudi makwao wakinung'unika. Baada ya hapo watu walianza kugonga milango kwa funguo, au kukohoa, au kuita mtu jina lake barabarani kama waitavyo mbuzi. Palikuwa na watoto Mtaa wa Gati waliokwisha kuota meno yote bila kusikia mama zao wakimkaribisha mtu.

*

Mhandisi msimamizi wa mradi aliitwa Barke Shee, naye alikuwa mzaliwa wa mtaa uleule. Asubuhi moja aliitwa ofisini kwa mwenyekiti wa baraza la mji, Bwana Faki Mbwana, mtu mnene aliyependa mzaha na ambaye hakuwa mtu mbaya. Alimwonyesha ramani ukutani. Mstari wa ukuta ulizunguka mji mzima isipokuwa mahali pamoja, mbele ya gati, ambapo paliachwa pengo kwa kukosa chokaa. Mwezi ungeandama wiki ile, na bamvua lililotarajiwa, yaani kujaa kwa bahari kwa mwezi mpya, lilikuwa kubwa kuliko yote yaliyokwisha kupimwa. Maji yangeingia kwa pengo lile kwa nguvu zaidi kuliko kama ukuta usingekuwapo kabisa, kisha yangeteremkia Bondeni, kwenye majengo mapya walimohamishiwa wale waliopoteza nyumba zao.

Barke aliyajua hayo yote, maana hesabu zilikuwa zake. Alisema kinachohitajika ni chokaa ya nyumba moja kubwa, na kwamba milango yote ni kimya.

"Mlango wa shangazi yako nao ni kimya," alisema Bwana Faki. "Ila ule una sauti mbili."

Barke aliitazama ramani.

"Ulikulia mle. Uliandikishwa mkazi wa mle ulipokuwa mwanafunzi, na hakuna aliyekufuta. Mgeni hasahau mtu. Angekuwa mwanadamu ningemwozesha binti yangu."

"Nyumba si yangu, Mwenyekiti."

"Nani amesema ni yako? Nimesema utamke neno moja tu. Tena neno la heshima, wala hutakuwa umemtukana mtu."

Barke aliuliza kwa nini Mgeni asipelekwe Kilimani, ambako nyumba za maafisa, pamoja na ile aliyopewa yeye, zilikuwa za mawe ya kale vilevile. Bwana Faki alicheka mpaka kiti kikalia. Alisema Kilimani hakumo katika ramani, na kwamba siku atakayomkaribisha Mgeni nyumbani kwake, mkewe atamkaribisha yeye barazani akalale na paka. Kisha kicheko kikamwisha. Alisema Bondeni kuna watu ambao tayari wameteketezewa nyumba kwa ajili ya ukuta huu, na kama ukuta wenyewe hautafungwa, basi waliteketezewa bure.

"Kama huwezi," alisema, "nenda wewe ukawaambie kwamba shangazi yako anazipenda kuta zake."

*

Nyumba ya Tima binti Shee ilikuwa na ghorofa moja, na kuta zake zilikuwa nene kiasi cha mtoto kulala kwa raha juu ya kizingiti cha dirisha. Barke alikuwa amelala hapo mara nyingi. Mama yake alifariki Barke angali mchanga, na shangazi yake, ambaye hakuwa na mtoto, alimchukua akamlea. Bi Tima alikuwa mwalimu wa lugha. Alimlea mtoto yule kama alivyolisahihisha daftari, bila kuruka kosa hata moja, na kosa alilolichukia kupita yote lilikuwa kukaribisha watu kivivu. Barke akisema karibu hali ameketi, alivutwa sikio mpaka akasimama. Mtu hakaribishwi na aliyekaa, aliambiwa. Simama, jitande, fungua mlango, umtazame mtu usoni, ndipo useme.

Alasiri ile Barke aligonga mlango kwa funguo za gari.

"Kama ni mtu, aingie," ilisema sauti ndani. "Kama ni mpira, upite."

Bi Tima alikuwa ameketi juu ya mkeka akichambua mchele katika ungo. Barke alimshika mkono, akasema shikamoo, na Bi Tima akaitikia marahaba bila kuacha kuchambua. Alimwonyesha kiti. Akamuuliza habari za kazi, habari za kifua chake kilichokuwa kikimsumbua, na kama bado anakunywa maji ya barafu kama mtu asiye na wakubwa. Kisha akangoja, kwa kuwa alijua mgeni wake hakuja kwa ajili ya kifua.

Barke alieleza habari ya pengo na bamvua. Alijitahidi kusema kikazi, na katika kusema kikazi akateleza. "Kwa hiyo, Shangazi, mradi unahitaji kukaribishwa."

"Mradi haukaribishwi," alisema Bi Tima. "Hukaribishwa mtu. Mradi huridhiwa au hukataliwa. Nilikufundisha nini miaka yote ile?"

"Samahani, Shangazi."

"Hayo ndiyo yaliyotumaliza. Mambo mawili yalipewa neno moja, na sisi tukapiga makofi. Mimi nilikuwapo, nami nilipiga."

Aliokota jiwe dogo katika mchele, akaliweka pembeni. Akauliza, kama aulizaye bei ya samaki, kama nyumba aliyopewa Barke kule Kilimani ni ya mawe.

"Ya mawe, Shangazi."

"Kuta nene?"

"Nene."

"Vyema," alisema Bi Tima, akarudi kwenye mchele wake.

Barke alisikia uso ukipata moto. Alirudia habari za Bondeni, za Bi Mwanate na wajukuu zake walalao chumba cha chini, ambacho maji yangekifikia kwanza. Bi Tima alisikiliza mpaka mwisho. Alisema maji ameyaona, kwa kuwa kila asubuhi huyakuta mferejini yakirudi nyuma kuelekea mjini badala ya kwenda baharini, na mtu hahitaji uhandisi ili kulielewa hilo.

"Lakini nikwambie jambo moja," alisema. "Wamekuja wengi. Amekuja Faki, amekuja kadhi, amekuja kijana wa mji mkuu mwenye viatu vya kung'aa. Wote wanazungumza habari za maji. Hakuna hata mmoja aliyesimama hapo ulipo akasema, Tima, tunaiomba nyumba yako. Kisha wanaondoka, na alasiri linakuja lile dubwana lao kunipigia hodi."

Lilikuwa ombi jepesi, na Barke alikuwa nalo ulimini. Lakini alikuwa amelelewa na mwanamke yule. Alijua kwamba Bi Tima akishasema hapana, hapana ile haigeuki hata mbele ya machozi. Na hapana ya Bi Tima ingewazamisha watu wa Bondeni, halafu yeye Barke angeishi akijua ameiomba kwa kinywa chake. Alihofu jibu. Akaliacha ombi likapoa.

Adhana ya alasiri ililia. Bi Tima alisimama kwa taabu, akampa Barke ungo amalizie, akaenda kutawadha. Aliporudi alipita nyuma ya pazia la chumba kilekile, na Barke akamsikia akitandika msala. Nyumba ilitulia. Barke alikaa kitini, ungo mapajani, vidole vikitafuta mawe katika mchele uliokuwa safi tayari.

"Hodi," ilisema sauti nje.

Aliuona mpira mweusi kwa upenyo wa mlango, umelala barabarani kama kitu kilichochoka. Alifikiri angeweza kungoja mpaka shangazi yake atoe salamu, kisha amuulize. Palikuwa na wakati. Mgeni angerudi kesho.

"Hodi."

Lakini kesho jibu lingekuwa hapana. Na baada ya kesho mwezi ungeandama, na Bi Mwanate alikuwa amekwisha kupoteza nyumba moja.

"Hodi."

"Karibu," alisema Barke.

Alilisema kwa sauti ya chini, ameinama juu ya ungo, kama mtu anayejisemea. Lilitosha. Sauti ya mzee mpole ilisema, "Ahsante. Nimeshakaribia." Mpira ukajivuta kuelekea ukutani, na ncha yake ikaligusa jiwe kwa mlio mdogo wa mtu anayenyonya embe.

Nyuma ya pazia palisikika pumzi moja iliyokatika. Kisha sala ikaendelea. Bi Tima hakuikata wala hakuiharakisha. Alirukuu, akasujudu, akakaa, akatoa salamu kuume na kushoto, akakunja msala wake pande zote nne. Ndipo alipotoka, akasimama mbele ya mtoto aliyemlea.

"Ungeniomba," alisema.

"Ungenipa, Shangazi?"

"Pengine ningekupa. Pengine ningekunyima. Sasa hatutajua, si wewe si mimi."

Alichukua ungo kutoka mapajani mwa Barke, kwa upole, kama unavyomnyang'anya mgonjwa kikombe. "Na ulilisema hali umekaa," akasema. Hayo yalikuwa maneno ya mwisho aliyomwambia.

*

Nyumba haikuanguka. Ute haubomoi. Uliilainisha kuanzia msingini, ukuta ukawa kama mkate uliotiwa chai, ukapungua unene, mpaka mbingu ikaonekana kupitia mahali palipokuwa pa kuwekea taa. Bi Tima alisimama upande wa pili wa barabara na mabunda yake mawili, akatazama kazi nzima. Majirani walimletea kiti. Hakukikalia.

Pengo liliziba siku mbili kabla ya bamvua. Maji yalikuja kama yalivyokuwa yamehesabiwa, yakaupiga ukuta kutwa nzima kwa sauti iliyosikika mpaka Kilimani, yakarudi. Bondeni palibaki pakavu. Wajukuu wa Bi Mwanate walilala chumba cha chini, wakaamka chumba cha chini. Barke alikwenda akawahesabu kwa macho yake, akajiambia kwamba hesabu ilikuwa sahihi. Ilikuwa sahihi. Kosa hakuliona popote katika tarakimu, na hilo ndilo lililomnyima usingizi.

Ufuo ulifunguliwa kwa ngoma na hotuba. Palikuwa na barabara pana, taa za kupendeza, viti vya kupumzikia na maua ndani ya vyungu vikubwa. Mifereji ilikuwa imefunikwa, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi soko halikunuka. Watu walivaa nguo nzuri wakaja kukaa vitini. Walipokaa wakagundua kwamba ukuta ulikuwa mrefu kuliko mtu aliyeketi, na hata aliyesimama, na kwamba bahari haikuonekana. Walikaa hivyo hivyo, wakiutazama ukuta. Bi Mwanate alisema serikali ni ya kushukuriwa, maana yeye alikuwa akifikiri nyumba yake imepotea, kumbe imewekwa hapo ili aje kuiangalia jioni.

Jambo moja zuri lilitokea, na ubaya wote uliofuata ulipitia humo. Mgeni aliegeshwa katika banda la gati, na Bondeni wakasema yamekwisha. Mtu mmoja alipiga hodi, mwingine akajibu karibu, na hakuna ukuta ulioliwa. Kwa muda wa wiki chache neno lile lilirudi kama mvua. Watu walipigiana hodi bila sababu yoyote. Watoto waliochelewa kulijifunza neno walilifanya mchezo, wakikimbia mlango hadi mlango, na kina mama walisimama kuwakaribisha, wakicheka.

Mlango mmoja tu Bondeni haukuitikia. Bi Tima alikuwa amepewa chumba katika jengo la kwanza, lililo karibu na ukuta. Majirani wote aliwakaribisha, wima, mlango wazi. Lakini kila Ijumaa Barke alipofika na kupiga hodi, alisikia makubazi yake ya ngozi yakija polepole mpaka nyuma ya mlango, yakasimama. Alisema mara ya pili, na mara ya tatu. Makubazi hayakuondoka, wala mlango haukufunguka. Hakuwahi kupiga hodi ya nne, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Aliondoka, na watu waliokuwa barazani walitazama miguu yao mpaka akapita.

*

Vuli ilipoingia, Mgeni alitoa taarifa mbele ya baraza. Alieleza kwa sauti yake ileile kwamba bahari inapanda haraka kuliko ilivyokadiriwa, na kwamba ukali wa maji umeanza kuula ukuta kutoka chini. Ukuta hautaanguka, alisema, iwapo utalishwa. Utahitaji kulishwa kila masika, na kila masika zaidi.

"Mpaka lini?" aliuliza Bwana Faki.

"Hesabu zangu hazina mwisho wa jambo hilo," alisema Mgeni.

Bwana Faki hakufanya mzaha. Milango ya Mtaa wa Gati ilikuwa ingali kimya, na hakuna mwingine aliyekuwa na sauti mbili. Baraza lilijadili mpaka adhuhuri, kisha likafanya lililo rahisi. Majengo ya Bondeni yalitokana na povu la chokaa ambalo ute wenyewe ulilitema ulipozila nyumba za kale. Yangeyeyuka upesi, na wakazi wake, Alhamdulillahi, walikuwa wamerudia desturi zao njema. Iliamuliwa Mgeni aanze kupita huko, kuanzia jengo la kwanza. Wakazi wangetafutiwa mahema barani. Barke alisema ni aibu kuwanasa watu kwa neno walilolirudia juzi tu. Aliulizwa kama anapendelea waonywe. Akifanya hivyo, walimwambia, watanyamaza tena, watoto watazibwa vinywa tena, na ukuta utaanguka juu ya vinywa vilivyozibwa. Alitafuta kosa katika maneno yale, hakuliona.

Alitoka akashuka Bondeni. Haikuwa Ijumaa. Watoto walikuwa katika mchezo wao, na ngazi zote za jengo la kwanza zilijaa hodi na karibu, hodi na karibu, mpaka mtu asingeweza kujua nani anamwita nani. Alipanda akafika mlango wa shangazi yake, akapiga hodi. Makubazi yalikuja, yakasimama. Akangoja, akapiga ya pili. Barke alikuwa amekuja na maneno mengi, lakini alipousikia ule ukimya ulio hai nyuma ya ubao mwembamba, aliona hakuna lolote kati ya hayo ambalo shangazi yake hakulijua tangu siku ile ya mchele. Akapiga ya tatu, akangoja, akashuka.

Alikwenda moja kwa moja bandani kwenye gati. Ramani ya njia za Mgeni ilikuwa chini ya amri ya mhandisi msimamizi, na sheria ilikataza nyumba kuguswa bila idhini ya mkazi, lakini haikukataza mkazi kumwita Mgeni. Barke alimwelekeza juu. Kigari kiliwasha taa zake ndogo, kikaanza kupanda barabara ya Kilimani, mpira ukijinyoosha nyuma yake. Wake wa maafisa walitoka wakauangalia wakidhani mtambo umeharibika.

Bwana Faki alimpigia simu akihema. Alisema Kilimani hakumo katika ramani. Barke akasema kumo, tangu dakika chache zilizopita, na ni mlango mmoja tu.

"Chokaa yako itatununulia nini?"

"Masika mawili. Pengine moja na nusu."

"Kisha?"

"Kisha Mgeni atashuka Bondeni, Mwenyekiti, kama mlivyoamua leo."

"Basi ni hasara tupu. Hutakuwa umemwokoa mtu."

"Najua."

Bwana Faki aliposema tena, sauti yake haikuwa ya mwenyekiti. "Sasa unamlipa nani, Barke?"

"Anayenidai anajijua," alisema, akakata simu.

Alipofika nyumbani kwake Kilimani alikusanya vitu vyake katika bunda moja. Hapakuwa na vingi. Nyumba ile ilikuja na samani zake, na samani zilikuwa za serikali. Hakujua angelala wapi. Mlango pekee aliotamani kuuendea ulikuwa umekwisha kumjibu. Aliketi kitini, bunda miguuni, mikono mapajani, akausikia mpira ukikwaruza changarawe ya ua, kisha ukatulia.

Kupitia dirishani aliiona Mkunguni yote: mapaa machache ya Mtaa wa Gati, majengo meupe ya Bondeni yenye watoto katika ngazi, na ukuta, na nyuma ya ukuta bahari, ambayo kutoka Kilimani ilionekana wazi kuwa juu kuliko mji.

"Hodi," ilisema sauti ya mzee mpole.

Barke alisimama. Alivuta mtandio akajitanda vizuri, akautengeneza mbele na nyuma. Alitembea mpaka mlangoni, akavuta komeo, akavifungua vipande vyote viwili mpaka vikagusa ukuta. Akakitazama kigari mahali ambapo kingekuwa na uso.

"Karibu," alisema, kwa sauti kamili.